Wakala, jinsi ya kujua uanze siku na keshi kiasi gani na floti kiasi gani

Mawakala wengi wa M-Pesa, Airtel Money na hiyo mitandao mingine wanapanga mtaji kwa mazoea, yaani una milioni moja, nusu unaacha keshi (noti za droo) nusu unaweka floti (salio la kwenye laini yako ya uwakala), basi. Alafu saa nne asubuhi mteja anakuja kutoa laki mbili unamwambia "keshi imeisha", anavuka barabara kwa jirani na kesho anaanzia huko huko. Hili jambo linapigiwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu, daftari na kalamu zinatosha.

Kwenye vyuo vya biashara kuna watu kazi yao ni utafiti wa uendeshaji, bidhaa kiasi gani ziwepo, wapi, saa ngapi. Pale Harvard Business School, Karthik Balasubramanian na David Drake waliwafanyia utafiti mawakala wa pesa za simu Afrika, wakiangalia keshi na floti kama bidhaa iliyopo stoo. Na mawazo yenyewe ni ya zamani sana, mwaka 1888 mwanauchumi Francis Edgeworth alishaandika jinsi benki inavyoweza kukadiria akiba ya keshi kwa sababu wateja wote hawaji kutoa siku moja. Leo hesabu hiyo wanaiita tatizo la muuza magazeti: akinunua machache anakosa mauzo, akinunua mengi yanambakia na kesho hayana mnunuzi. Sasa tuilete kwenye kibanda chako.

Cha kwanza kabisa, na hapa usikwepe, andika kila muamala kwa mpangilio wa saa NA andika kila mteja uliyemrudisha. Ripoti ya kwenye simu inakuonyesha ulichofanya, haikuonyeshi ulichokosa, sasa ukipanga mtaji kwa kuangalia ripoti peke yake utabaki na mtaji mdogo milele maana siku zote itakuonyesha kwamba ulichonacho kinatosha, na kitatoshaje wakati waliokosa hawamo! Kwahiyo mtu akija kutoa 150,000 ukamkosesha, iandike 150,000 izungushie duara, alafu kwenye hesabu ihesabu kama vile ulimhudumia. Kama ni yule yule amerudi jioni ukampa, futa ile ya asubuhi.

Cha pili, tafuta mahitaji halisi ya siku. Hapa ndo wengi wanapotea, wanajumlisha waliotoa wanajumlisha walioweka wanaona wanahitaji hela nyingi kumbe sivyo, kwasababu anayetoa anakuachia floti na anayeweka anakuachia keshi, hela ile ile inazunguka. Unachotakiwa kufuatilia ni umeyumba umbali gani kutoka pale ulipoanzia. Anza na sifuri. Mtu akitoa, punguza. Mtu akiweka, ongeza.

Mfano, wa kwanza anatoa 80,000, upo hasi 80,000. Anakuja anayeweka 30,000, hasi 50,000. Mwingine anatoa 200,000, hasi 250,000. Anaweka mtu 150,000, hasi 100,000. Mwenye duka la jumla anaweka 300,000, sasa upo chanya 200,000. Funga siku. Sehemu ya chini kabisa uliyofika ni hasi 250,000, hiyo ndo keshi uliyoihitaji asubuhi. Ya juu kabisa ni chanya 200,000, hiyo ndo floti. Jumla 450,000 imetosha siku nzima, wakati miamala yote ukiijumlisha ni 760,000. Irudie mwenyewe uone kama kuna mteja atakosa, hayupo. Na angalia mpangilio, yule wa duka la jumla angewahi kufika wa kwanza ungehitaji floti 300,000, ndo maana nimesema andika kwa saa.

Fanya hivyo siku 30. Mwisho utakuwa na namba 30 za keshi na 30 za floti. Zipange kila moja kutoka ndogo kwenda kubwa.

Sasa unachagua ipi? Ukichukua kubwa kuliko zote hutakosesha mtu, ila hela nyingi italala tu siku nyingi. Ukichukua ya katikati, karibu siku 15 kati ya 30 utarudisha watu. Hapa unalinganisha gharama mbili, ya kukosa na ya kulaza hela. Tuseme kwako laki moja inayohudumiwa inakuletea kamisheni ya 500 (mfano tu, yako itoe kwenye ripoti yako ya kamisheni). Na tuseme mtaji umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, laki inakula 3,000 kwa mwezi, ambayo ni 100 kwa siku. Jumlisha 500 na 100 ni 600, alafu gawanya 500 kwa 600, unapata kama 0.83. Zidisha kwa 30, unapata 25. Nenda kwenye orodha ya floti, ile namba ya 25 kutoka chini ndo floti yako ya kuanzia siku.

Kwenye keshi ongeza hatari, maana keshi inaibiwa droo ikivunjwa. Ukiona hatari hiyo nayo ni kama 100 kwa siku kwa kila laki, inakuwa 500 gawanya kwa 700 (500 jumlisha 100 ya riba na 100 ya hatari), kama 0.71, namba ya 21 kwenye orodha ya keshi. Kama mtaji ni wako mwenyewe bado una gharama, jiulize hiyo laki ingekuwa sukari au unga dukani ingekuingizia nini. Na mimi nashauri ile 500 uipandishe kidogo kama una mawakala wengi jirani, kwasababu mteja ukimkosesha mara mbili humpotezi kwa muamala ule tu.

Mitandao mingi: keshi ni moja inahudumia wote, ila floti kila mtandao na yake, haihamii kwa mwenzake kirahisi. Kwahiyo orodha ya keshi iwe moja, orodha za floti kila mtandao peke yake, na usigawe sawa kwa sawa. Hii ndo sababu pia kuelewana na wakala jirani kubadilishana floti kwa keshi kunasaidia kuliko kuongeza mtaji, siku yako mbaya mara nyingi si siku yake mbaya. Ila kabla hujatoa keshi angalia salio kwenye menyu, usiamini meseji.

Kujaza tena katikati ya siku nako kuna namba yake. Kama kwenda kwa wakala mkuu au benki na kurudi ni lisaa limoja, tazama daftari, lisaa lako lenye fujo kuliko yote floti inashuka kiasi gani? Floti iliyobaki ikishafika kiasi hicho tuma mtu, usisubiri iishe.

Mwisho wa mwezi, siku za gulio, Januari ada za shule, wakulima wakilipwa, hizo zitengee orodha zake usizichanganye na siku za kawaida, zitakuharibia namba zote mbili. Wa Mtwara msimu wa korosho foleni ya kutoa inaweza kukulazimu kugeuza mtaji karibu wote uwe keshi, orodha ya mwezi wa sita haitakusaidia hapo. Kila wiki ikiisha toa karatasi za wiki ya zamani kabisa uweke mpya, alafu panga upya.