Kabla hujaomba pesa za risachi ya saikolojia, panga haya

Wadogo zangu mnaosoma saikolojia na kwenu ni Amu (Lamu), kila mwaka naona mtu anakumbuka ufadhili wiki moja kabla ya dedilaini, ndo anaanza kumtafuta lekchara amwandikie barua, hapo ushachelewa. Lekchara anatangulia hata fomu, manake pesa nyingi za wanafunzi wa digrii ya kwanza zataka mwalimu aweke jina lake kwamba atakusimamia. Mwendee muhula mzima kabla, na usiende na "Daktari nisaidie mada", nenda na karatasi moja ina swali lako, utawauliza kina nani na linaingiana vipi na mambo anayofanya yeye. Kama ana mradi unaoendelea muombe uingie humo hata kwa kuingiza data tu.

Pili, soma nani anaruhusiwa kabla hujaandika hata mstari. Zile nafasi za REU, za wanafunzi wa digrii ya kwanza kufanya risachi, za NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, zinazozungushwa kwa magrupu ya WhatsApp, malipo yake ni ya raia wa kule na wenye ukaazi wa kudumu, wewe wa Langoni hapa Amu utapoteza wiki yako bure. Psi Chi, chama cha heshima cha wanafunzi wa saikolojia kilichoanza 1929, ina ruzuku za wanafunzi wa digrii ya kwanza lakini lazima uwe mwanachama na uanachama unapitia tawi la chuo, kaulize idara kama tawi lipo.

Sasa bajeti, na hapa nasema kwa uchungu. Mimi niliandika "usafiri" na jumla yake nikaachia hapo, propozali ikarudi na swali moja, mbona pesa nyingi hivi na kisiwa cha Pate ni hapo tu? Aliyeko Nairobi hajui kwamba maji yakitoka, yaani yakikupwa, boti haipiti Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari njiani, ukikosa maji kujaa unalala hukohuko. Kwa hivyo andika kila kitu mstari wake: boti mpaka Mtangawanda, bodaboda mpaka Siyu, usiku mmoja wa kulala, chakula, na sababu ya huo usiku iandike wazi.

Dodoso nalo lina gharama. PHQ-9, ile ya maswali tisa ya kupima sonona (depression), ni ya bure, Beck Depression Inventory inayopima hayohayo ni ya kulipia, na hata ya bure weka siku mbili tatu za kuijaribu kwa watu, tafsiri ikiwepo pia. Kuna bibi Matondoni nilimsomea lile swali la kukosa hamu ya kufanya vitu, akaniangalia kidogo akaniuliza, "Hamu ya nani, mwanangu? Mume wangu yuko baharini." Jibu lake ningeliandika vile lilivyo ningekuwa nimemhesabia ugonjwa asiokuwa nao.

Swali la 9 la PHQ-9 ni la mawazo ya kufa, na kamati ya maadili itakuuliza mtu akisema ndiyo utampeleka wapi, basi ongea na watu wa afya ya akili hospitali mapema na nauli ya kumfikisha iwe ndani ya bajeti. Kibali cha maadili kikitoka ndo unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, halafu unaripoti kwa kamishna wa kaunti kabla hujauliza mtu chochote. Toa kopi kadhaa za hiyo leseni ukiwa bado Amu, chifu wa kila kijiji atataka kubaki na yake.