Somo: Kulehemu bila kula risasi

Mafundi wa simu, redio na sola wa Mtwara, Lindi na jirani zao, karibuni.

Wengi wetu tunaogopa moshi na kuisahau mikono. Waya wa lehemu uliozoeleka una bati asilimia 60 na risasi (ile metali laini yenye sumu, alama yake Pb) asilimia 40, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Ncha ya pasi ya kulehemu tunaiweka kwenye 350 hivi, ilhali risasi huchemka ikifika karibu 1,750. Kwa hiyo ule moshi si mvuke wa risasi, ni flaksi inaungua, yaani ile dawa ya ndani ya waya inayosaidia lehemu kushika. Nao si wa kuuchezea: flaksi nyingi zina utomvu wa msonobari, unaowasha macho na kifua na unaoweza kukuanzishia pumu. Ila risasi yenyewe inapita kwenye vidole, kisha mdomoni.

Hatua ya 1: Meza. Iwe ya kazi tu, isiwe ile mnayolia chakula. Huku kwetu tatizo ni kibakuli cha korosho pembeni ya bodi. Unashika waya, unatupia korosho mbili mdomoni, unarudi kwenye waya, na mpaka adhuhuri kibakuli kimeisha. Sigara ni hivyo hivyo. Na waya usiushike kwa meno hata kama mikono haitoshi. Bodi ibanwe kwa klipu.

Hatua ya 2: Hewa. Kaa karibu na dirisha, feni iusukume moshi nje, isikupulize usoni. Msimu wa kusi upepo ukizidi utapoza kiungo na lehemu haitashika vizuri, basi geuza meza, usifunge dirisha.

Hatua ya 3: Kufyonza lehemu ya zamani. Hapa ndipo penye vumbi. Pampu ya kufyonzea ukiifungua, usiipulize kwa mdomo. Imwagie kwenye kopo lenye kifuniko, kisha futa meza kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unarusha tu vumbi hewani.

Hatua ya 4: Mikono. Maji na sabuni, mpaka chini ya kucha, kabla ya kula chochote. Sanitaiza inaua vijidudu, haiondoi risasi. Shati la kazi libaki kazini, na lifuliwe peke yake, lisichanganywe na nguo za watoto.

MASWALI

*Mdau wa Masasi: Mkuu, sisi tunakunywa maziwa baada ya kazi ili yasafishe kifua. Yanasaidia?*

Hayasafishi kitu, fundi. Kilicho kweli ni kwamba mwili wenye upungufu wa kalisi na madini ya chuma hunyonya risasi zaidi, kwa hiyo kula vizuri: dagaa na mifupa yake, kisamvu, maharage. Lakini hiyo si dawa ya mikono michafu.

*Nitajuaje kama imeshaniingia?*

Mara nyingi hujui. Tumbo kusokota, choo kigumu, uchovu, kichwa, hasira za ovyo: yote yana sababu nyingine mia. Kipimo ni cha damu. Ukienda hospitali mwambie daktari kazi yako, asipojua hataifikiria risasi. Ikikaa mwilini hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na hudhuru figo, presha na nguvu za uzazi.

*Kaka, mimi ni fundi wa kike, nina mimba ya miezi minne. Niendelee?*

Dada yangu, waya wa risasi uweke pembeni kwa sasa, na ukinyonyesha pia. Risasi humfikia mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kama lazima ulehemu, tafuta waya usio na risasi, ulioandikwa "lead-free" au "Pb-free". Huo kwa kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi, na moshi wa flaksi unabaki pale pale.

*Mdau wa Mikindani: Sisi tunayeyusha sahani za betri chakavu jikoni tupate chubwi za nyavu. Ni mambo yale yale?*

Hapana, ni mabaya zaidi. Pasi ina joto la kadiri. Moto wa mkaa hauna. Sahani zile zina unga wa risasi na asidi, unga unapeperuka na majivu, unabaki kwenye udongo ambamo watoto wanacheza. Acheni kabisa kuyeyusha nyumbani. Kwa nyavu, jiwe lililotobolewa au saruji iliyomiminwa kwenye kopo itazamisha vilevile.