Korongo lipi lianze? Kugawa fungu la hifadhi ya mashamba na malisho

Fungu la kijiji halitoshi makorongo yote, iwe Arumeru, Monduli au vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya juu ya Moshi. Wengi hulimaliza kwenye korongo kubwa la kando ya barabara, lile ambalo kila mgeni huoneshwa. Lakini maji yaliyolichimba yanatoka juu. Mkijenga vizuizi vya mawe chini huku mashamba ya juu hayana makinga maji, masika moja tu itavizunguka na kuvibomoa.

Basi tembeeni kabla ya kukaa kikao: watu watano, wakiwemo mfugaji na mama anayelima hapo, mfuate njia ya maji kutoka juu, ikiwezekana mvua ikinyesha. Kwenye kichwa cha kila korongo pigeni vigingi viwili, mita 2 na mita 5 kuelekea juu, kabla ya Machi. Rudini Juni. Kigingi cha kwanza kikiwa kimeanguka, korongo linakula. Vyote vikisimama, lisubiri, hata kama linatisha.

Toeni alama 0 hadi 3 kwa kasi hiyo (izidisheni mara mbili), kwa kaya zinazoumia chini yake, na kwa nguvukazi iliyoahidiwa ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Mwenye shamba asiporidhia, liondoeni korongo hilo kwenye orodha. Alama hazichimbi mtaro.

Gharama ndiyo huwaangusha wengi. Mtaro wa fanya juu, aina ya kinga maji, una upana wa sentimita 60 na kina 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Kwenye mteremko wa asilimia 10, mistari hupishana mita 13 au 14, kwa hiyo ekari moja hubeba mita 300 hivi: zaidi ya mita za ujazo 100 za udongo! Chimbeni mita 10 za majaribio, hesabuni siku za kazi za mtu mmoja, ndipo mzidishe. Anzieni juu, maana tuta la juu likipasuka huyavunja yaliyo chini yake.

Kwa malisho, kwanza makubaliano ya kufunga alalili (malisho ya akiba ya Wamaasai) na posho ya walinzi. Mbegu za nyasi bila hayo ni chakula cha ndama.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1: chimbeni kiangazi, pandeni matete juu ya tuta vuli ikianza. Fedha zikichelewa hadi Februari, msichimbe; tuta bichi lisilo na nyasi halivuki masika. Na moja ya tano ya fungu isiguswe hadi Juni, kwa ajili ya kuziba palipopasuka.