Mboji ya nyumbani kwa mchanga wetu wa Tanga
Jamani mchanga wetu huku ukimwagilia asubuhi mchana pashakauka, mbolea ya dukani peke yake haisaidii, weka mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki yaliyooza. Chini ya mwembe panafaa sana, panga majani makavu ndoo tatu kisha ndoo moja ya maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha, samadi ya mbuzi kama ipo, rudia mpaka lundo lifike mita moja. Vichwa vya samaki usiweke, panya watahamia. Sasa maji ndo penyewe: chukua konzi moja ukamue, likitoka tone moja mbili poa, ikichuruzika ongeza makavu. Chomeka kijiti katikati, siku chache mbele ukichomoa kiwe cha moto, kikipoa geuza lote. Miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, changanya kwenye tuta ndo upande.