Kushona koti la ofisa wa Marekani, 1861–1865

Makoti mengi ya kuigiza Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani yana vifungo sahihi lakini mgongo wake ni wa suti ya leo. Ofisa wa Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Muungano, alijinunulia sare kwa fundi wake, ikakatwa kwa vipimo vya mwili wake. Kazi yako ianzie hapo.

1. Chagua cheo kabla ya kushika mkasi. Luteni na kapteni walivaa safu 1 ya vifungo 9. Meja hadi kanali, safu 2 za vifungo 7 kila moja, na kifua hupishana zaidi. Pateni ni mbili tofauti.

2. Tafuta sufu nzito ya buluu iliyokoza, iliyoshikamana kiasi kwamba ukingo uliokatwa haufumuki. Ipige pasi ya mvuke ijikunje kabla hujakata. Poliesta iache, haishiki umbo la pasi.

3. Sasa mgongo, na hapa usiwe na haraka. Kipande cha nyuma kiwe chembamba kiunoni, mishono yake ipinde kuelekea kwapani, na mshono wa bega ushukie nyuma badala ya kukaa juu. Tundu la mkono liwe dogo, lipande juu kabisa kwapani. Wengi hulipanua wakihofia kubanwa, kumbe tundu pana ndilo linaloburuta koti zima mtu akiinua mkono. Mkono wenyewe una vipande 2: mpana kwenye kiwiko, mwembamba kwenye kifundo. Shona kwanza koti la majaribio la marikani kwa bandi, mvalishe mwenyewe, anyooshe mikono mbele. Rekebisha mpaka kiuno kitulie.

4. Kifuani tandika kanvasi na pamba nyembamba, uzishikize kwa mkono kwenye bitana.

5. Kola isimame, ila kidevu kigeuke juu yake bila kukwama. Sketi ya koti, yaani sehemu ya chini ya kiuno, ishuke theluthi 2 hadi robo 3 ya umbali kati ya nyonga na goti.

6. Mishono mirefu pitisha cherehani bila wasiwasi, zilikuwa zimeshaenea. Matundu ya vifungo yatie kwa mkono, kwa uzi wa hariri. Mimi silegezi hapo.

7. Mwisho, alama za mabegani: samawati kwa askari wa miguu, njano kwa wapanda farasi, nyekundu kwa mizinga. Kapteni ana mistari 2 ya dhahabu kila ncha, luteni wa kwanza 1, wa pili hana.