Kuwatambua Nyuki wa Porini Bustanini: Tazama Chavua Kabla ya Rangi

Anayefuga nyuki hapa Dodoma humjua vizuri nyuki wa mzingani, lakini duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na wengi hawana malkia wala masega: kila jike hujichimbia au kujitafutia kiota na kuwawekea wanawe akiba ya chakula peke yake. Majira mazuri ya kuwatazama ni ya mvua, Desemba hadi Aprili, asubuhi jua likishapasha maua joto.

Kwanza hakikisha kwamba ni nyuki. Nzi wengine wana mistari ya njano na nyeusi, ila nzi ana mabawa mawili na vipapasio vifupi, ilhali nyuki ana mabawa manne na vipapasio virefu. Nyigu ana kiuno chembamba na manyoya machache.

Kisha, kabla ya rangi, tazama anapobeba chavua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu rangi huwapotosha wengi: jike wa nyuki seremala aitwaye Xylocopa caffra ni mweusi mwenye mikanda myeupe au ya njano, lakini dume wake ana manyoya ya kijani-njano mwili mzima, na mtu huapa kuwa ni aina mbili. Chavua iliyoloweshwa na kufinyangwa kuwa donge linalong'aa kwenye mguu wa nyuma ni ya nyuki wa asali au ya nyuki wadogo wasiouma. Ikiwa kavu, imenasa kama unga kwenye manyoya ya miguu, huyo ni mmojawapo wa nyuki wanaoishi peke yao. Ikiwa imejaa chini ya tumbo, basi umempata nyuki mkata majani au mmoja wa jamaa zake, na ukikagua mawaridi ya jirani huenda ukaona majani yaliyokatwa nusu duara safi, kana kwamba kwa mkasi.

Nyuki wadogo wasiouma, ambao baadhi yao wana urefu wa milimita 3 au 4 tu, hutambulika pia kwa mlango wao: kijibomba cha nta na utomvu kinachochomoza kwenye shina la mti au ufa wa ukuta. Nyuki seremala hutoboa mbao kavu. Ukiona unga wa mbao chini ya boriti, inua macho utafute tundu la mviringo.

Kwenye nyanya, chuchumaa usikilize. Nyuki wa jenasi ya Amegilla, mwenye mikanda myeupe au ya samawati tumboni, hulikumbatia ua, hutuliza mabawa na kutikisa misuli ya kifua, na mvumo wake hupanda ghafla. Chavua ya nyanya hutoka kwenye vitundu vidogo vya ua, nayo humwagika kwa mtikiso huo, jambo ambalo nyuki wa asali hawezi kulifanya.

Andika tarehe, saa, jina la ua na mahali chavua ilipokuwa, kisha mpige picha kutoka ubavuni. Akikimbia sana, rudi jua linapozama: madume wa Amegilla hulala nje, wakiwa wameng'ata kijiti kikavu kwa taya zao, wametulia kabisa.