Mutoto mwenye hatulii: vile unaweza kupanga nyumba na siku yake

Kama uko na mutoto mwenye anaanza kitu hamalizi, kalamu anapoteza kila juma, mwalimu anaita mara tatu njo anageuka, pengine bashakuambia ni mapepo, ao kiburi, ao ulimulea vibaya. Mimi nilisikia yote tatu hapa Goma ndani ya mwaka moja. Sasa, ile hali ya kukosa kutulia na kukaza akili, yenye baganga ba hospitali banaita TDAH, sehemu kubwa inatoka kwa damu ya familia kama vile urefu (kwetu ni baba yake, mpaka leo anatafuta funguo kila asubuhi). Nyumba yako haikuileta, lakini inaweza kuipunguza makali ao kuiongezea.

Anza na usingizi. Mutoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 ya kulala, na sisi wa nyumba za mbao tunajua, jirani akifungua redio ni kama iko chini ya kitanda chako. Redio ya jirani huiwezi, lakini telefone yako unaweza kuificha saa moja mbele ya kulala, na ile saa ya kulala ikuwe ile ile hata siku ya posho. Akikoroma sana kila usiku umupeleke kwa muganga, juu mutoto mwenye halali muzuri anafananaka kabisa na mwenye TDAH.

Kisha masomo. Usimukalishe kwa mulango fasi bamotari banapiga honi, umugeuze kwa ukuta, meza ikuwe na kitabu kimoja tu. Mbele ya kukaa, muache akimbie, acheze mupira, ao achote maji: wangu akirudi na bidoni mbili anakaa dakika 15 bila kuinuka, zamani ilikuwa 3! Dakika 15, kupumzika kidogo, anarudi tena, na yote ifanyike mbele ya giza, juu umeme wetu munaujua.

Ukimutuma, usimwambie "chota maji, upite kwa mama Furaha, ulete makala na chenji". Atarudi mikono mitupu. Sogea, umuguse bega, umuambie kitu moja, arudilie. Akikifanya umusifu pale pale, si kesho. Fimbo haiongezi akili ya kutulia, nilijaribu, inaongeza paka uongo.

Juu ya sukari, yenye batu banasema njo inavuruga batoto: mwaka 1994 kule Marekani bamama bamoja baliambiwa batoto babo bamekunywa sukari mingi, bakasema bamechangamuka kupita kiasi, kumbe batoto habakupewa sukari hata kidogo. Umupe chakula cha asubuhi mbele ya masomo, maharagi ya jana inatosha, lakini usingojee chakula kimuponyeshe.

Mbele ya kusema ni TDAH, masikio ipimwe, macho, na upungufu wa damu. Na batoto benye balikimbia vita, wasiwasi na ndoto mbaya vinaweza kufanana nayo, dawa yake ni ingine. TDAH inaonekana mbele ya miaka 12, inapita miezi 6, na inaonekana nyumbani na masomoni, si fasi moja tu. Hapa muji kuko Tulizo Letu, kituo cha baganga bazoefu ya mambo ya akili. Mbele ya kuenda, andika kwa kaye juma mbili: alilala saa ngapi, alikaa dakika ngapi, nini ilimuvuruga. Muganga atauliza hiyo kwanza, na ukiwa mbele yake utasahau yote.